Kompyuta ya Baba Inaomba Kuoa

Sori, Nyatike
4 Julai 2026

Kwako Shangazi Phelesia,
Asumbi.

YAH: KOMPYUTA YA BABA, UCHELEWAJI WAKE, FOLENI YA WAKUBWA, NA NDOA

Shangazi,

Kabla ya salamu, nikuungamie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata padre. Jumamosi ya Pasaka, nyumba ikiwa tupu, niliifungua kompyuta ya Baba kwa kisu cha kupakia siagi. Nilitoa ubavu mmoja nikachungulia. Mle ndani mlikuwa na vumbi la kutosha kupanda sukuma wiki, na mjusi aliyekauka akiwa ameinua mkono kama anayeomba ruhusa ya kutoka darasani. Nikaifunga haraka. Skrubu moja ilibaki mkononi. Nimeitia uzi naivaa shingoni, na Mama anadhani ni mambo ya vijana.

Kwa kuwa mimi ni mtu wa haya, nisiyeweza kusema "napinga" hata kwenye kikao cha darasa, nakuandikia. Wewe ndiwe dada mkubwa wa Baba, na neno lako hulitii kabla hujalimaliza. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa nambari kama tulivyofunzwa.

1. Mashine inachelewa. Kitufe cha kuwashia kilitumbukia ndani zamani, kwa hiyo tunakibonyeza kwa penseli. Baada ya hapo tunangoja dakika thelathini na nane. Nimezipima. Siku moja Mama alitoka hapa na gorogoro tatu za mahindi, akaenda posho mill, akapanga foleni, akasaga, akagombana na mwenye mill, akarudi na unga, akakuta skrini bado inatukaribisha. Akasema, "Hiyo kitu yenu ikiamka mniite, mimi niko jikoni nazeeka." Nami, Shangazi, nina mradi wa somo la Kompyuta wa Kidato cha Nne, unaokusanywa mwisho wa mwezi huu. Nisipoupeleka, alama zangu zimekwenda na maji.

2. Baba anazungumza. Lazima nieleze. Mashine ikianza kuwaka hutetemeka, na plagi hutoka ukutani, na tunaanza upya. Ni lazima mtu aishike mpaka mtetemo utulie. Baba alikataa nisiishike mimi. "Stima si ya watoto." Basi kila jioni baada ya chai huketi sakafuni, magoti juu, mkono mmoja ukutani. Unamjua ndugu yako: katibu wa wavuvi, mtu wa kuandika kumbukumbu za mkutano wa saa tatu asitoe neno. Lakini mkono ukiwa kwenye plagi hana pa kwenda, na maneno yanamtoka. Nimelazimishwa kujua kwamba alirudia darasa la saba mara mbili. Nimelazimishwa kujua kwamba ulimpiga kwa mwiko akahamia kwa jirani, akala huko siku mbili, na hakuna aliyegundua. Nimejua pia kwamba yeye, katibu wa wavuvi, hajapanda boti tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Sababu bado hajaifikia. Mimi nina miaka kumi na saba. Hivi ni haki?

(Hapa nimekatizwa. Nilisikia viatu vya Baba barazani nikaisukuma barua chini ya kibodi. Alikuwa anatafuta miwani. Ilikuwa kichwani mwake.)

3. Foleni. Nilimweleza shida Cliff, fundi wa simu kule Masara, yule anayetoa matope kwenye simu za wachimba dhahabu. Alinijibu kwa ujumbe: "Madam, hiyo mashine si mgonjwa, ni njaa. Ipe SSD ya mtumba iwe diski yake, na RAM mbili, itaamka kama imesikia polisi." Baba alikubali, akaanza kuweka pesa kwenye kopo la majani ya chai. Kopo likajaa. Hapo ndipo alipokumbuka shamba. Unajua tunavyopanda: Nyanya, mkubwa wa boma, hajatia mbegu, Baba hatii, Baba hajatia, Baba Mdogo Odhiambo hatii, hata mvua ikimpiga mgongoni. Baba akalishika kopo akasema, "Katika boma hili mdogo hamtangulii mkubwa." Basi vyombo vyote sasa hutengenezwa kwa umri. Cherehani ya Nyanya, ya mwaka 1974, ambayo haijashona tangu nizaliwe, ikapata mkanda mpya. Kopo likajaa tena. Baiskeli ya 1988, isiyo na gurudumu hata moja, ikapata kiti cha ngozi. Likajaa tena. Redio ya 1996 ikapata antena ndefu, na sasa tunasikia vizuri sana bei ya pamba ya Tanzania. Kompyuta ni ya 2008. Nilidhani zamu yake imefika, lakini jana nimemwona Baba akiitazama saa ya ukutani kwa huruma. Ni ya 2003.

4. Mimi ni wa 2009. Kwa sheria hiyohiyo, kompyuta ni kaka yangu. Siwezi kumaliza shule kabla haijamaliza kuwaka. Siwezi kuolewa kabla haijaoa. Sipingi, Shangazi, mila ni mila. Naomba tu itekelezwe yote. Kutengenezwa kuna foleni, sawa. Lakini kuoa nako kuna foleni, na nimeikagua mwenyewe: cherehani ina kichupa chake cha mafuta, baiskeli ina pampu yake, saa ina msumari wake na hawajaachana tangu 2003. Redio ina betri mbili, na hayo ni ya nyumbani kwake, hayatuhusu. Kapera ni mmoja tu. Ana miaka kumi na minane, analala pembeni amefunikwa kitambaa cha meza, na usiku anaunguruma.

5. Kwa hiyo naomba, wewe uliyekuwa jagam, yaani mshenga, wa ndoa sita huko Rangwe, na hakuna bibi harusi hata mmoja aliyerudi kwao, uiposee kompyuta mke. Msichana yupo. Ni hiyo SSD: mwembamba, mtulivu, hana kelele, kwao ni Masara kwa Cliff. Akiingia kama mke, hayo si matengenezo. Baba hawezi kumrudisha bibi harusi mlangoni eti saa haijapata kioo. RAM mbili zitamsindikiza kama dada zake. Kuhusu mahari, Cliff amekubali kiti cha baiskeli na antena. Usije Jumanne, Baba ana mkutano.

Msalimie Mjomba Jared na goti lake, ng'ombe yule mweupe, na wanakwaya wote wa sauti ya pili. Padre msalimie pia, ila habari ya kisu umwachie Mungu.

Ni mimi mtoto wa ndugu yako, nisemaye kidogo na kuandika kupita kiasi,

Joyline

Nyongeza: Shangazi, Waya wangu, usije. Usipose mtu. Mradi niliumaliza wiki mbili zilizopita kwenye kompyuta za shule, na mwalimu ameshaupokea. Tangu siku hiyo, nikirudi nyumbani huizima kompyuta, halafu namwita Baba aje ashike plagi. Cliff anasema ikipata SSD itawaka kwa sekunde ishirini. Kwa sekunde ishirini Baba hajamaliza hata kukunja magoti.

Jana alianza habari za Oliver, ndugu yenu ambaye nyinyi humtaja kwenye sala tu. Alifika pale Oliver alipovua shati, akamwambia Baba, "Nishikie, narudi sasa hivi," akaruka ndani ya boti. Skrini ikawaka. Baba akaiachia plagi, akasimama, akajipangusa suruali. "Haya, fanya kazi yako." Sina kazi, Waya. Nataka kujua lile shati liko wapi.

Viatu vinakuja. Barua iko hapa juu ya meza na siifichi, akitaka aisome. Kompyuta nimeizima. Penseli ninayo, na tuna dakika thelathini na nane.