Mwenyeji Asiyejua Mrenda

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Binti yangu Wakonyo amepiga simu kutoka Kimilili, anakofanya kazi ya unesi. Mzee Wabwile, babake Wanyonyi, anataka kuja hapa Kibomet, Kitale, Jumamosi kuona watu ambao mwanawe anataka kuoa kwao. Atakuja na dadake. Si sherehe, Wakonyo akasema, ni kutembea tu. Hakuna mzee anayetoka Bungoma hadi Kitale kutembea tu. Hata yeye alijua, maana alilirudia mara mbili. Akaongeza kwamba mzee ana swali moja: watu wetu wameishi huku miaka sitini, je, wanajua jirani anakula nini? Nikamuuliza kama mzee ameuliza kwa uzuri au kwa ubaya. Hakujua.

Nikaomba namba ya mzee. Nia yangu ilikuwa kumkaribisha tu. Lakini aliponiuliza, kwa upole, kama nimezoea sehemu hizi, mdomo ulinitangulia. Nikamwambia nimezizunguka zote. Kwamba chakula cha Bungoma nakijua kuliko cha kwetu. Kwamba nzohe wa hifadhi ya Saiwa, wale swala wanaoishi kwenye kinamasi, nawatambua mmoja mmoja kwa sura.

Mzee akanishukuru kwa habari hizo. Kisha akasema, "Basi utatutembeza."

Ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: nimezaliwa Kitale. Nina miaka hamsini na moja. Napiga picha za pasipoti karibu na stendi, na chakula changu cha mchana tangu 1998 ni chipsi. Saiwa sijawahi kufika. Ni mwendo wa nusu saa.

Jumanne, 5 Agosti

Nduta hakushangaa. Miaka ishirini na nane ya ndoa imemmalizia mshangao. Akasema tu: si umuulize Lenah?

Lenah ni jirani yetu, ng'ambo ya ua. Mzaliwa wa Kimilili. Anapika vitu vyote ambavyo nimesema nakula. Angenifundisha kwa saa moja, na bado angenipa chai. Lakini Lenah ndiye aliyenishinda uchaguzi wa katibu wa kanisa, kura arubaini na moja kwa sita. Moja kati ya hizo sita ilikuwa yangu. Nduta hajawahi kusema alipigia nani, nami sijawahi kuuliza.

Nimekataa. Mtu mzima haombi masomo ng'ambo ya ua. Nimepata mpango bora: kesho naenda Bungoma mwenyewe, kimya kimya, nijifunze pale pale kwenye chimbuko. Nimemwambia Nduta nafuata karatasi za picha. Akauliza kama Kitale zimeisha. Nikajibu kwamba za Bungoma zinang'aa zaidi.

Jumatano, 6 Agosti

Bungoma. Hoteli ndogo nyuma ya soko, benchi za mbao, harufu ya kuku iliyonifanya nisahau jina langu. Nikaagiza kama mwenyeji: kuku wa kienyeji, ugali wa wimbi, mrenda. Nikaongeza, "Kama kawaida." Mhudumu akanitazama kama mtu ambaye hajawahi kuniona, na kweli hakuwa amewahi.

Kuku hana lawama. Ugali pia. Mrenda ndio ulionipatia aibu. Ni mboga, lakini haikubali kuachana na sahani. Niliinua tonge, mboga ikafuata kama kamba. Nikainua zaidi, ikafuata zaidi. Nikasimama. Meza tatu zikaacha kula. Mwishowe uzi ule ukakatika wenyewe, ukalala juu ya tai yangu kuanzia shingoni hadi tumboni.

Mama mmoja aliyekuwa meza ya pili, mtu wa miaka sitini hivi, akahamia kwangu na chai yake. Akaniambia nikae. "Mlenda hauvutwi," akasema. "Unazungusha mkono hivi, halafu unakata na kidole." Nikamrekebisha kwamba ni mrenda. Akasema sawa, lakini wake hauko kwenye tai.

Alikuwa mwalimu mzuri. Nilizungusha, nikakata, mara kumi. Akanieleza pia kuhusu firigisi: kipande hicho usikiguse ovyo, ni heshima, mgeni mzee ndiye anapewa. Nilikuwa nimekila zamani. Nilikuwa nimeanza nacho.

Kwa shukrani nikamfungulia moyo wote. Kwamba kuna mzee mmoja wa huku, mjuaji, anayekuja kunifanyia mtihani kabla mwanawe hajamwoa binti yangu. Kwamba nimemdanganya nami nitampiku. Akauliza huyo binti anayeolewa anafanya kazi gani. Kabla sijajibu akasema, "Ni nesi?" Nikastaajabu jinsi watu wa Bungoma wanavyojua kubahatisha. Akauliza kama nampenda huyo binti. Swali la ajabu. Nikamwambia ndiye mtoto wangu wa pekee, na kwamba mambo haya yakiharibika kwa sababu ya mdomo wangu, sijui nitamtazamaje tena. Sikukusudia kusema hayo. Nadhani ni ule wimbi.

Mama akanipa mkono. Sikumuuliza jina. Sitamwona tena.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo ilikuwa siku ya nzohe. Nilipanga kufika Saiwa asubuhi, nikariri njia, nihesabu wanyama. Mvua ilianza saa mbili. Nikaingia jumba la makumbusho hapa mjini nijikinge, nikisema nitasoma habari zao huko ndani. Kulikuwa na benchi. Nilikuwa nimelala vibaya usiku. Niliamshwa na kundi la watoto wa likizo waliokuwa wakibishana kama mimi ni sehemu ya maonyesho.

Hakuna neno. Nzohe ni swala, kinamasi ni maji. Mengine nitayajaza mwenyewe.

Ijumaa, 8 Agosti

Ugomvi wa jikoni. Nduta anataka kupika mukimo, chakula cha kwetu. Nimemkataza. Nikamweleza kwa utaratibu kwamba mgeni hajatoka Bungoma kuja kula viazi na mahindi ya kupondwa, na kwamba kesho mezani kutakuwa na chakula cha kwao peke yake, ili aone tumeiva. Nduta akauliza nani amewahi kupika mrenda katika nyumba hii. Nikasema ni majani na maji. Akaenda kwa Lenah. Nilijifanya sioni.

Jioni nilifanya mazoezi ya kuzungusha mkono nyuma ya nyumba. Nilitumia uji mzito, kwa kuwa mrenda ulikuwa bado. Lenah akachungulia juu ya ua na kuuliza kama nimeumwa na nyuki.

Wakonyo amefika. Amefua mapazia ambayo yalikuwa safi. Kisha akayafua tena. Nilitaka kumwambia asiogope, baba yake ana mpango. Akanitangulia: "Baba, tafadhali, kesho usiwe na mpango."

Jumamosi, 9 Agosti

Nitaandika kwa mfululizo.

Walifika saa sita. Wanyonyi akashuka, akamfungulia Mzee Wabwile, mtu mrefu, mpole, kofia mkononi. Kisha akamfungulia mlango dada ya mzee. Akashuka mama wa chai.

Anaitwa Sellah. Alinishika mkono kwa adabu zote. "Tumefurahi kukufahamu, Baba Wakonyo," akasema, na uso wake haukubadilika hata kidogo. Mimi wangu ulibadilika. Nduta alidhani ni presha, akaniletea maji.

Tukaketi. Nikasema mwenyewe kwamba nitamgawia mzee firigisi, maana tayari nilikuwa naona mambo yanazama, na mtu anayezama hushika chochote. Nikala tonge la mrenda kwanza ili waone. Nikazungusha, nikakata. Vizuri kabisa. Kisha kwa vidole vile vile nikachukua firigisi, nikasimama, nikaanza hotuba. Nilikuwa nimefika kwenye maneno "kwa heshima ya wazee wetu" iliponiteleza. Ilipita juu ya meza kama kitu chenye safari yake, ikatua ndani ya kikombe cha Sellah.

Wakonyo alifunika uso. Wanyonyi alitazama dari. Sellah akaitoa kwa kijiko, akaifuta, akaiweka kwenye sahani ya kaka yake. "Imefika," akasema.

Mzee akaila. Akatafuna polepole, akashukuru. Kisha akatazama mezani, mwisho hadi mwisho, akauliza kwa upole, "Na mukimo iko wapi?"

Mzee akaeleza kwamba kuku amekula miaka sabini, hata asubuhi alikula. Alikuwa amemwambia Wanyonyi njia nzima kwamba leo atakula mukimo ya watu wenyewe.

Nduta akainuka bila kunitazama. Akaenda uani, akaita jina moja. Lenah akapitisha sufuria juu ya ua, imefunikwa kwa kitambaa, bado ya moto. Yeye na Nduta walikuwa wakiipika huko kwake tangu alfajiri. Mzee alikula sahani mbili na akaomba ya kubeba.

Ningenyamaza hapo, siku ingeisha salama. Lakini mzee akakumbusha kuhusu Saiwa.

Tulitembea juu ya mbao, katikati ya mafunjo, mimi mbele kama kiongozi. Nikaeleza kwamba nzohe hulala chini ya maji kama samaki kamongo. Kwamba huzaa kila baada ya miaka saba. Kwamba dume hubadilisha rangi akikasirika. Mzee alisikiliza yote, akiitikia kwa kichwa. Nikamwonyesha mmoja, mkubwa, kahawia, amesimama kando. Wanyonyi akasema kwa sauti ya chini kwamba ni kisiki.

Askari wa wanyama akatokea upande wa pili. Alipomwona Mzee Wabwile alivua kofia. "Mzee, umerudi kututembelea?"

Mzee alifanya kazi pale miaka kumi na minne. Alistaafu hapo hapo.

Mzee akanishika bega, akanigeuza kidogo kushoto, akanyoosha kidole. Nzohe jike alikuwa amesimama ndani ya mafunjo, maji hadi magotini, masikio yamesimama, akitutazama. Hakuwa mbali. Nimeishi nusu saa kutoka kwake maisha yangu yote.

Tulipokuwa tunamtazama, mzee akaniambia kwa sauti ya chini kwamba dadake alimweleza kila kitu Jumatano jioni. Nikasema najua. Nikasema pia kwamba Wakonyo hafanani nami, amechukua tabia za mamake, asihesabiwe makosa yangu.

"Mimi niliogopa kitu kingine," mzee akasema. "Niliogopa tutapokewa na watu wasiojali. Sasa mtu asiyejali, anaweza kusafiri hadi Bungoma kufundishwa kula mlenda?"

Akasema watakuja tena mwezi wa kumi, na wazee, kwa mazungumzo yenyewe. Nikamwita Wakonyo nimwambie, nikashindwa, akaambiwa na mzee. Alilia. Mimi nilipata mdudu jichoni. Kule kinamasini wako wengi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelitafakari jambo hili vizuri wakati wa mahubiri. Nduta anasema nimeokolewa na wanawake watatu na sufuria moja. Ni maoni yake. Ukilitazama kwa makini, nisingedanganya, nisingeenda Bungoma. Nisingeenda Bungoma, Sellah asingenijua. Kwa hivyo uongo ndio uliojenga ndoa hii. Nimeona nisimwambie Nduta hesabu hiyo.

Baada ya ibada mchungaji alitangaza safari ya kanisa kwenda kuona mapango ya Mlima Elgon. Akauliza kama kuna mtu anayeyajua, aongoze. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Nikasimama nikawaeleza kwamba mapango yale nimeyaingia yote, mengine mara mbili, na kwamba ndovu wa kule wamenizoea. Watu arubaini wamejiandikisha. Tunaondoka Jumamosi ijayo.

Shemasi mmoja akaja pembeni kuniuliza kama wabebe tochi. Nikamwambia haina haja. Ndani mwanga huwa mzuri, hasa mchana.