Mkurugenzi Kwenye Ukurasa wa Tanzia

Jumatatu, 4 Machi
Balaa limeingia ofisini ndani ya bahasha. Mwandishi wetu wa biashara, binti mbishi asiyejua kubembeleza wakubwa, kaleta habari: kiwanda cha sabuni hakijalipa kodi miaka sita. Ushahidi upo, mihuri ipo. Habari tamu! Ila kiwanda hichohicho hununua ukurasa wetu wa mwisho kila siku. Mkuu wa matangazo kanikumbusha kwa upole kwamba kiti cha naibu mhariri kiko wazi, na kwamba kiwanda kinanipenda.
Jioni dada akapiga simu. Ni mshonaji, ana kiduka cha cherehani moja. Watu wa kodi wamempa hadi Ijumaa alipe, la sivyo wanamfungia. Akauliza kama gazeti letu huishiwa wino likifika kwa wakubwa. Nikasema asubiri aone, mdogo wake nipo.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata! Habari siitupi, kwa hiyo dhamiri safi. Nimeikata ikabaki aya nne, nikaipeleka ukurasa wa tanzia. Nani anausoma? Mimi mwenyewe sijawahi. Na ili mkurugenzi wa kiwanda asijione amedharauliwa, nimeweka picha yake nzuri, kavaa suti, anatabasamu. Binti kaniuliza kama nimerogwa. Nikamwambia atakua, ataelewa.

Jumatano, 6 Machi
Kumbe watu wote huanza na tanzia! Mama anayetuletea chai kasema yeye hufungua huko kwanza, ajue nani katutoka, mambo ya serikali baadaye. Asubuhi kiwandani palijaa waombolezaji. Wenye maduka walikuja na maua. Mkurugenzi alifika kazini akakuta viti vimepangwa uwanjani na wafanyakazi wanalia kwa bidii ambayo kazini hawana. Na kila aliyetafuta siku ya mazishi alikutana na aya zangu nne. Mji mzima unajua. Nimekwisha!

Alhamisi, 7 Machi
Nimeitwa. Mkurugenzi kafoka dakika ishirini kuhusu kifo chake. Kuhusu kodi, kimya. Anataka tuombe radhi ukurasa wa kwanza. Binti akauliza kama tutasahihisha na zile aya nne. Mkuu wa matangazo akajibu kwamba hizo hakuna aliyezilalamikia. Binti akasema hilo ndilo linalomtisha.
Dada naye kapiga, anacheka hadi anakohoa. Kisha akauliza kama sasa watalipa. Nikamwambia mambo hayo huchukua muda. Akasema ya kwake hayakuchukua.

Ijumaa, 8 Machi
Ukurasa wa kwanza: mkurugenzi yu mzima wa afya. Picha ileile. Kodi haimo.
Duka la dada limefungwa saa nne. Nimemkuta nje, futi ya kupimia bado iko shingoni, anafunga nguo za wateja kwa gazeti letu. Hakunigombeza. Angenigombeza ningepona. Kaniomba nishike upande mmoja wa cherehani, tukaibeba hadi kwake kwa miguu, watu wakitutazama. Njiani akauliza ile habari ilikuwa ndefu kiasi gani kabla sijaikata. Nikasema kurasa mbili. Nimeona aibu, na sijui niipeleke wapi.

Jumamosi, 9 Machi
Mimi ni naibu mhariri! Mkurugenzi kapendezwa na jinsi tulivyomwomba radhi, kaongeza tangazo.
Binti kaleta sehemu ya pili: kwa nini maduka madogo yanafungwa na viwanda havifungwi. Dada yumo. Nimeisoma mara mbili, nikafuta macho. Lazima itoke, nimeapa. Tayari nimeifanya aya nne, na picha ya dada nimeweka. Safari hii sirudii makosa. Nimeipeleka mahali ambapo kweli hapana mtu anayetazama: chini ya matokeo ya mpira. Mimi mwenyewe sijawahi kuyasoma.