Ripoti ya Kiufundi Kuhusu Sampuli C

Wananchi wa jiji la Kuching wanatangaziwa kwamba enzi ya paka kula ovyo imekwisha. Hivyo ndivyo lilivyoanza bango la Kamisheni ya Tathmini ya Lishe ya Paka, na chini yake palikuwa na sahihi tisa na picha ya paka mmoja mwenye wasiwasi. Tangu siku hiyo hakuna punje kavu ya chakula ambayo ingeingia kwenye bakuli la paka wa serikali kabla ya kupimwa, kujadiliwa, kuahirishwa na kupitishwa. Paka wa serikali walikuwa mia nne, wote wa kituo cha manispaa cha paka wasio na wenyewe. Chakula kitakachoshinda ndicho wangekula kwa miaka mitatu, asubuhi na jioni, bila kuulizwa.

Kamisheni ilikuwa na kamati sita. Kamati ya Rangi ya Punje ilikutana mara kumi na moja. Kamati ya Umbo ilivunjika baada ya wajumbe kugombana kama punje iwe na umbo la nyota au la samaki; samaki mwenyewe hakuwemo katika hadidu za rejea. Mwandishi wa habari hizi alikuwa katibu wa Kamati ya Mlio wa Punje Inapotafunwa, na hana la kujitetea. Chai ilikuwa nzuri.

Mtu pekee mwenye kazi hasa alikuwa Awang Mahli, ofisa tathmini, miaka arobaini na saba, tumbo la kiofisi, shati la batiki kila Alhamisi kama waraka unavyotaka. Sahihi yake ndiyo ingeamua. Alipokabidhiwa jukumu hilo alijiona mtu mkubwa kwa siku mbili. Siku ya tatu sampuli zikaletwa.

Ili kuzuia upendeleo, kanuni ilitaka punje zitolewe kwenye mifuko yao na kuwekwa katika vyombo vinavyofanana, kila kimoja na herufi tu. Stoo haikuwa na vyombo. Lakini ulikuwa mwezi wa Mfunguo Mosi, na mwezi huo hakuna nyumba mjini isiyo na makopo ya plastiki angavu yenye vifuniko vyekundu, yale ya biskuti za Idi. Mahli alileta matatu kutoka kwake, akayaosha, akaandika A, B na C chini ya kitako ili asiharibu sura ya chombo. Kopo A lilikutwa tupu kwenye meza ya mapokezi wiki ile ile. Kamisheni iliandika barua kufurahia kwamba kazi imepungua.

Majibu ya maabara yaliletwa na Jelian, mtaalamu wa vipimo, mwanamke wa kabila la Iban asiyejua kunong'ona.

"Bosi, B ni ya ule ushirika wa wake za wavuvi. Samaki mwanzo, samaki katikati. Protini thelathini na nne kwa mia. Taurini, ile ya macho na moyo wa paka, ipo. Inanuka balaa, lakini paka wakiiona wanalia."

"Na C?"

"C ni mahindi."

"Jelian, orodha inaanza na samaki. Na sheria inasema kinachotajwa kwanza ndicho kizito kuliko vyote."

"Soma tena, bosi. Samaki. Halafu unga wa mahindi. Halafu gluteni ya mahindi. Halafu wanga wa mahindi. Halafu mahindi yaliyopasuliwa. Ni mahindi yale yale! Wameyagawa mafungu manne ili kila fungu liwe jepesi kuliko samaki. Uyajumlishe, uone samaki anabaki wapi. Halafu sukari, chumvi, rangi ya chungwa. Paka ana haja gani na rangi ya chungwa?"

"Inavutia."

"Inamvutia nani? Paka mwenyewe haioni sawasawa. Na taurini hamna hata chembe. Wape hii miaka mitatu, wataanza kupofuka, kisha moyo uchoke. Utasaini?"

"Nitaunda kamati ndogo."

"Ya nini?"

"Ya kuangalia kama tunahitaji kamati."

Mahli alijua kwa nini anazunguka. C ilitoka kiwanda cha shemeji wa mwenyekiti wa kamisheni, Jamhari, mwenye cheo cha heshima cha Datuk. Juu ya meza ya Datuk kulikuwa na orodha ya watakaopandishwa cheo, na orodha nyingine ya watakaohamishiwa juu kabisa ya mto Baleh, ambako barua hufika kwa boti na majibu hayafiki. Mahli hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwoga, na woga wake aliujua kama mtu anavyolijua jino lake bovu. Aliwaonea huruma wale paka mia nne. Alijionea huruma zaidi.

Jaribio rasmi lilifanywa. Paka sita walipewa C. Walinusa, wakageuka, wakaanza kuparua sakafu pembeni ya bakuli, kama wanavyofanya wakifukia uchafu wao. Fomu haikuwa na safu ya jambo hilo. Mahli akaandika: *Paka walionyesha ari ya usafi.*

Alhamisi Datuk Jamhari alifika mwenyewe, batiki ya hariri, kofia nyeusi, manukato yaliyotangulia mlangoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

"Mahli, mdogo wangu! Nimekuja kwa Idi tu, si kikazi."

"Karibu sana, Datuk. Idi njema, tusameheane ya nje na ya moyoni."

"Tumesameheana. Sasa, ile C nasikia haina mpinzani."

Aliketi. Mezani kulikuwa na makopo mawili yenye vifuniko vyekundu. Kwa watu wa pale, kopo la namna hiyo katika mwezi ule ni mwaliko. Mgeni asipolifungua, mwenyeji huuliza amekosa nini. Datuk hakutaka kumvunjia mtu heshima. Alifungua lililo karibu, akachota, akatia mdomoni.

Mahli alinyoosha mkono kuelekea kopo, kisha akaurudisha. Mwenyeji hamzuii mgeni mkono. Na hata angetaka, ni adabu gani inayomruhusu mtu kumweleza Datuk kilichomo mdomoni mwa Datuk? Jelian, nyuma ya kabati, alikuwa amelikumbatia faili.

"Mm! Nani kapika hizi? Mkeo?"

"Ni... za kiwandani, Datuk."

"Hebu ona! Chumvi kidogo, utamu kidogo, zinavunjika vizuri. Siku hizi wanawake wetu wanazidisha siagi." Akachota tena, na tena, huku akieleza kwamba paka wa taifa hawana budi kuwa na uzalendo na kula walichopangiwa. Makombo ya rangi ya chungwa yalimwagika kwenye hariri.

Mahli hakuweza kumcheka. Yeye mwenyewe Jumatatu alikuwa amemaliza robo ya kopo lile na kahawa yake kabla Jelian hajaligeuza na kumwonyesha herufi. Lililomuumiza si kwamba alikula. Ni kwamba alizipenda.

Datuk akalifungua la pili. Alitafuna mara moja, akaganda, akatema kwenye leso.

"Astaghfirullahi! Mahli, hii nini? Samaki mtupu! Hiki chakula cha paka hiki!"

"Hata sisi tumeona hivyo, Datuk," alisema Jelian.

"Kitupeni." Akasimama, akajipangusa. "Kesho asubuhi nataka ripoti kwenye mfumo, na sahihi yako. Usinizungushe na maneno ya kisomi. Andika ulichokiona kwa macho yako, basi."

Mahli alibaki amekaa. Maishani mwake hakuwahi kukaidi amri, na sasa aligundua, kwa mshangao, kwamba hii nayo ni amri. Mwoga alikuwa amepewa kitu cha kutii.

Aliandika: *Sampuli C: paka sita, gramu sifuri. Mlaji wa saba, dume, mtu mzima, kilo tisini hivi: gramu mia na themanini kwa dakika kumi na nane, bila kushurutishwa. Sampuli B: paka sita, walimaliza na kulamba bakuli. Mlaji wa saba aliitema, na kwa kauli yake mwenyewe akaitambua kuwa ni chakula cha paka. Pendekezo: B wapewe paka. C itafutiwe mlaji anayeipenda.*

Akasaini. Mfumo ukapeleka nakala kwa ofisi thelathini na moja.

Saa tatu ya Ijumaa Datuk aliingia bila salamu.

"Huyu mlaji wa saba ni nani?"

"Datuk aliniagiza niandike nilichokiona," Mahli alisema. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Futa!"

"Mfumo haufuti, Datuk. Ulikataza mwenyewe, kwa ajili ya uwazi."

"Unaweza kuweka pingamizi," Jelian akasaidia. "Unaeleza wewe ulikula ipi na ukatema ipi, nakala ofisi thelathini na moja."

Datuk akaketi.

"Au?"

"Au mlaji athibitishe ripoti kwa sahihi," Jelian akaendelea, "B ipite, na jina lake lifungwe kwa siri ya utafiti. Asipojitokeza, kanuni inataka picha yake kutoka kamera ile pale ukutani ibandikwe mitaani. Kama tunavyowafanyia paka wasiojulikana wenyewe."

Fomu ya Mlaji ilikuwa na kurasa nne. Datuk ndiye aliyeipitisha, kwa kauli moja, bila kuisoma. Mahli akamsogezea kalamu kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka.

Rangi ya manyoya. Datuk akaandika: nyeusi, mvi kiasi. Anaishi na nani. Mke. Mara ya mwisho kupewa dawa ya minyoo. Hapo alifikiri kidogo, akaandika mwaka. Amehasiwa, ndiyo au hapana. Alitazama mlango, akamtazama Jelian, akatazama dari. Kisha akatia alama kwenye *hapana*, akaikoleza mara mbili, akasaini.