Mimi, Shemeji na Ukocha Mkuu

Jumatatu, 3 Februari
Kocha mkuu amestaafu! Hatimaye. Nafasi moja, watu wawili: mimi, bingwa wa zamani wa kuogelea mtindo huru, na shemeji, kaka wa mke wangu, bingwa wa zamani wa kuogelea chali. Meneja wa bwawa kasema tushindane Jumamosi, kwenda na kurudi, wazazi wa wanafunzi wachague mtindo. Wamechagua chali. Eti wanataka kuona nyuso za makocha! Uonevu mtupu. Nimetabasamu mpaka mashavu yakauma.

Jumanne, 4 Februari
Nimetoa kabatini chupi yangu ya kuogelea, ile ya ubingwa. Imegoma mapajani. Mke wangu akasema hiyo ni ya kijana mmoja aliyemposa zamani, hajui alikoenda. Sikucheka. Bwawani miguu inazama, kitambi kinabaki juu peke yake. Watoto ninaowafundisha wakapiga kelele kwamba kocha ainue kiuno. Vitoto hivi! Maneno hayo nimewafundisha mwenyewe.

Jumatano, 5 Februari
Nimepata! Anayeogelea chali haoni ukuta. Ndiyo maana kuna kamba ya vibendera juu ya maji, karibu na mwisho. Ukiviona, unapiga mikono mitano, unageuka. Shemeji hata hahesabu, imo damuni. Sasa kamba ikisogea karibu na ukuta? Mkono wa tatu, kichwa: ko! Asiumie, la hasha, ni mjomba wa wanangu. Aaibike tu. Mimi nitapiga miwili na kugeuka. Akili hizi zinaozea kwenye darasa la wanaoanza!

Alhamisi, 6 Februari
Shemeji kaja nyumbani kuniazima miwani yake ya kuogelea. Kasikia yangu inavuja. Akanilaza kwenye zulia la sebuleni, akanifundisha: nikiona vibendera nisibabaike, mikono mitano, nigeuke. Roho ikanisuta. Nilikaribia kabisa kumwambia. Halafu akanipapasa kitambi, akasema kesho kutwa nisihofu, hiki kitaelea chenyewe. Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. Basi, kamba itasogea!

Ijumaa, 7 Februari
Bwawa limefungwa kwa usafi. Nafasi ya dhahabu! Nikasukuma nguzo za kamba. Nzito, hazisemeki. Mlinzi akauliza nafanya nini. Nikasema nakagua usalama. Akanisaidia kusukuma. Mtu mwema sana. Jioni mke wangu akanikanda mgongo, akasema kama ukocha mkuu unanitesa hivi, si nimwachie tu kaka yake? Nimwachie! Kila tukienda kwa mama mkwe, shemeji hupewa kiti cha kuegemea, mimi stuli. Naitaka kazi hii mpaka naiota.

Jumamosi, 8 Februari
Mama mkwe kakaa mstari wa mbele. Tukaanza. Na haki ya nani, niliongoza! Mimi! Shemeji yuko nyuma, anahema. Nikaviona vibendera. Mkono wa kwanza. Nikageuza shingo kidogo, nimwone tu atakavyogonga, maana utamu kama ule mtu haukosi. Mkono wa pili. Bado naangalia. Wa tatu.
Ko!
Nilipozinduka shemeji kanishika kidevu, ananivuta taratibu hadi ngazini, ufundi mtupu, na wazazi wote wamesimama wanapiga makofi. Meneja hakungoja hata nikauke. Akamtangaza kocha mkuu pale pale. Mama mkwe akalia kwa furaha. Mimi nililia pia, lakini si kwa furaha.

Jumapili, 9 Februari
Nundu kichwani, kubwa. Shemeji kaja kunijulia hali, na kipenga kipya cha kocha mkuu shingoni. Kasema meneja aliuliza habari za vibendera, naye akamjibu ni upepo. Halafu akanikonyeza. Kasema pia ameomba niwe msaidizi wake, na meneja amekubali. Nikashikwa na kwikwi ya machozi. Nikaapa moyoni: ujinga basi!
Sasa amesinzia kwenye kochi. Kipenga amekiweka mezani. Nimekitazama. Tundu lake ni dogo sana. Kesho kutwa ataongoza mazoezi mara ya kwanza, mbele ya meneja. Apulize, kisitoke kitu...
Mke wangu anauliza kutoka chumbani natafuta nini jikoni. Nimemjibu natafuta sabuni, nioshe vyombo. Amefurahi kweli. Anasema ule ukuta umenitengeneza.