Kadi ya Picha Niliyoipeleka Ukweni

Leo nimeaibika, wenzangu. Tena ukweni. Tena kwenye kumbukumbu ya marehemu.

Naandika kutoka cyber hapa Bungoma mjini. Mke wangu Nekesa yuko hoteli ya ng'ambo ya barabara, anakunywa chai peke yake. Amekataa kuketi nami meza moja.

Baba mkwe alitutoka mwaka jana. Leo familia ilikutana nyumbani Kabuchai kumkumbuka, na mama mkwe alikuwa ameomba kitu kimoja tu: amwone mzee wake akiongea tena. Mahali pekee mzee anapoongea ni kwenye video ya harusi yetu. Na video hiyo imebaki ndani ya kompyuta yangu kuukuu kule Kitale, basi. Kanda yenyewe ililiwa na deki zamani. (CD writer nayo ilikufa hata kabla ya mzee.) Shida ni kwamba ukiicheza, picha inakwama. Mzee anafungua mdomo, anaganda, unaenda kuchemsha chai, unarudi, bado ameufungua.

Kwa hivyo wiki hii niliibeba hadi duka la kompyuta Kitale kutafuta kadi ya picha, ile inayowekwa ndani ya kompyuta ili picha itembee vizuri. Mwenye duka akaniwekea mbili kwenye kaunta. Moja ndogo, haina feni, haina maringo. Nyingine kubwa kama tofali, na feni nyekundu.

"Ni ya kazi gani?" akaniuliza.

"Kuonyesha video tu."

"Basi beba hii ndogo. Hiyo kubwa ni ya vijana wa gemu. Inashika moto vibaya, na hiyo boksi yako ya zamani haitafunga."

Nikabeba kubwa. (Sasa jamani, mtu aende ukweni na kadi ndogo?) Shemeji yangu Wafula huniita fundi wa redio mbele ya watu. Nilitaka leo anyamaze.

Na kweli boksi haikufunga. Kifuniko cha ubavuni nikakiacha Kitale. Lakini picha! Mzee aliongea bila kukwama hata mara moja. Nekesa alilia. Mimi nikatembea nyumbani kama profesa.

Haya, leo. Kompyuta nimeibeba hadi Kabuchai, na sebule ya mama mkwe imejaa wazee, wamama wa kanisa na pasta. Sasa mjue kwamba kwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawacheki pamoja. Hawasalimiani kwa mkono, hawaketi karibu. Lakini skrini yangu ni ndogo na macho ya mama yamechoka, kwa hivyo wazee wakakubali asogee. Akawekewa kiti nyuma yangu, nami nikaambiwa nisigeuke.

Nikaitazama kompyuta pale mezani. Ubavu wazi, waya nje kama matumbo ya kuku. Nikaona haya. Kila kitu katika ile sebule kilikuwa kimevishwa kitambaa: viti, redio, hata picha ya marehemu. Nikachukua kimoja, kile cheupe alichokifuma mama mkwe mwenyewe, nikakifunika kile kidonda vizuri.

"Huyu mkwe ako na adabu, bana," mama mmoja akasema. Nikavimba kichwa.

Nikawasha. Mzee akatokea na suti yake ya kijivu. Nyuma yangu nikasikia mama akisema polepole, "Ni yeye." Yule mzee nilimpenda.

Kisha, krrr.

Feni ilikuwa imenyonya uzi wa kitambaa. Ikavuta, ikavuta, ikasimama. Mistari ya kijani ikaanza kupita usoni mwa mzee.

"Shemeji," Wafula akaita, "si mzee anageuka kijani? Ama hiyo ndiyo teknolojia ya Kitale?"

Nikainama kuchungulia. PAA! Cheche! Moshi! Kitambaa kikashika moto mbele ya pua yangu, nami nikaruka kinyumenyume kwa nguvu zangu zote.

Nyuma kulikuwa na kiti kimoja tu.

Niliketi mapajani mwa mama mkwe. (Someni tena. Mapajani.) Wamama wakapiga kelele. Pasta akageukia ukuta. Na kwa sababu kilichoungua ni picha wala si sauti, kwenye spika mzee akaendelea vizuri kabisa:

"Huyu mkwe wangu ni mtu wa heshima. Hamtamwona siku moja akimkaribia mama."

Kuna mtu alicheka. Halafu wengine. Hata mimi, nikihangaika kuinuka, nilikuwa karibu kucheka. Mzee akaendelea: "Na wewe, Mama Wafula, siku nikitangulia..."

"Nyamazeni!" mama akasema. "Mwacheni amalize!"

Lakini Wafula alikuwa ameshika thermos. Akaimwaga chai yote ndani ya kompyuta, moto ukazima, na mzee akazima nao.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Mama alibaki anatazama skrini nyeusi. Mimi na Nekesa tunayajua maneno yanayofuata, tuliyasikia Kitale. Nekesa alitaka kumwambia. Mama alikataa. Alisema anayataka kutoka kwa mzee mwenyewe.

Wazee wamesema nitaleta kondoo wa faini kwa yale ya mapajani. Huyo nitamleta. Mama naye hawezi kusema nami, kwa hivyo ujumbe wake umeletwa na Nekesa: "Amesema mashine itengenezwe, irudi na mzee. Wewe ubaki Kitale."

Hard disk nimeitoa, iko hapa mfukoni. Nimeipangusa kwa shati. Bado inatoa chai. Jamaa wa cyber ameniambia niilete tuijaribu, nami nimekaa saa nzima nikiwaandikia nyinyi.

Msicheke kwanza. Sijui kama mzee bado yumo.