Kiti Changu Kwenye Maonyesho ya Uwekezaji

Jumatatu, 3 Agosti

Likizo. Mjomba kamwambia mama auze cherehani, hela aziingize kwenye hisa. Mama akasema cherehani ndiyo inayotulisha. Haiuzi mpaka mtu mwenye akili aende kwenye hayo maonyesho ya uwekezaji, aone kama yana maana. Mjomba akauliza huyo mwenye akili yuko wapi humu ndani. Mama akanitazama mimi. Mjomba akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Atajuta! Nimeazima kitabu cha uwekezaji maktaba. Sura ya kwanza: Subira.

Jumanne, 4 Agosti

Nimeenda. Nilikariri salamu njia nzima, haikuhitajika. Dada wa mapokezi alinivalisha beji kabla sijafungua mdomo. Imeandikwa KOBE. Jina la nyumbani hilo, nje halijui mtu! Akasema karibu mdogo wangu, tumekusubiri sana. Huduma safi. Alama tisa kwa kumi.

Ukumbini watu kama mia mbili, kimya, wanatazama mstari ukipanda kwenye skrini. Wanapiga makofi kwa pamoja. Wananyamaza kwa pamoja. Nikaangusha kalamu makusudi (naona haya kukodolea watu macho), nikachungulia chini ya viti. Buibui wamefunga viatu vya watu kwenye miguu ya viti. Utando mzito, wa miezi.

Subira ya namna hiyo! Sura ya kwanza kabisa.

Nilipotoka, yule dada aliniambia kesho nije na mama, na cherehani. Sikuwa nimemtajia cherehani. Wamejiandaa, hawa.

Jumatano, 5 Agosti

Binti wa jirani, anayeniburuza darasani kila muhula, kanikamata mlangoni pa ukumbi nikiingia, na daftari lake mkononi. Eti kakaa ng'ambo ya barabara tangu asubuhi akihesabu. Walioingia, arobaini na mmoja. Waliotoka, hakuna. Akaniuliza we Bwana Maktaba, hilo halikushtui?

Wivu. Nikamweleza, bila kumtazama usoni, kwamba mahali pabaya watu hukimbia. Akasema atamwambia mama yangu. Mmbeya!

Alhamisi, 6 Agosti

Mjomba kaja kuhakikisha sizururi. Beji yake ilikuwa tayari. Akasema anakaa kidogo tu, apumzishe miguu. Saa nne hiyo. Saa kumi nikamwambia mjomba twende. Akapiga makofi, na ukumbi mzima naye. Nikamgusa bega, vumbi likanibaki kidoleni.

Mtu asiyeweza kungoja chai ipoe! Wamembadilisha kwa siku moja. Nimeandika ripoti ya mama: INAFAA.

Ijumaa, 7 Agosti

Mama kaisoma ripoti, kaikunja, kaniambia hauzi kitu, na nisikanyage tena kule. Binti wa jirani alikuwa kakaa pale kwenye cherehani, anafundishwa kupinda mikono ya shati. Kumbe ndiyo njama yake!

Nimetoroka. Naandika nikiwa kitini, karibu na mjomba. Kiti cha tatu kina beji ya mama. Namsikia nje akiniita, mwanangu toka, sauti inamkauka. Namwonea huruma, fursa inampita hivi hivi. Nitamweleza mstari ukishapanda kidogo.

Kuna kitu kinanitekenya kwenye kifundo cha mguu. Sitazami. Sura ya pili inasema mwekezaji hashughuliki na vitu vidogo.

Makofi. Ngoja niweke kalamu chini.