Mwongozo wa Profesa na Namba ya Mama Losalini

"Nitolee namba yangu kwenye hilo likitabu lako, Profesa, kabla sijauruka huu ua!"

"Mama Losalini, nilishakwambia. Soma ukurasa wa arobaini."

"Ukurasa wa arobaini uumeze na maji! Kama maji yenyewe bado yapo!"

Jumamosi hiyo mchana, pale mtaani Kinoya, watu wa kijiwe walikuwa wamekaa mkekani barazani kwa Semesa, bakuli la yakona, kinywaji chao cha mizizi, katikati. Kusikia hivyo, wote wakageuza shingo kuelekea uani, upande wa jirani. Semesa, waliyembandika jina la Profesa, alitamani bakuli lile limmeze. Asubuhi redio ilikuwa imetangaza kwamba shule ya kisiwa cha Vunisaro imewarudisha watoto makwao. Tanki la maji limekauka kavu, na kifaa cha kutoa tahadhari kipo juu yake, kinang'aa. Programu iliyo ndani ya kifaa hicho ni ya Semesa na wenzake. Miaka mitano wameitengeneza kwa kujitolea, bure, kila kijiji kiichukue, kiifungue, kiirekebishe kitakavyo. Ila kitabu cha mwongozo wake aliuandika peke yake Semesa.

"Tahadhari ilitoka," akajitetea. "Programu haina kosa."

"Ilitoka ikaenda wapi, kaka?" akauliza Mahendra, dereva mstaafu wa basi, maarufu kama Breki.

"Kwangu!" Mama Losalini akadakia ng'ambo ya ua, mwiko wa kukorogea tui mkononi. "Bwana mkubwa alitaka namba ya mfano ya kupokea tahadhari. Akainua macho, akaona kibao cha getini kwangu: Mikeka na keki, piga simu. Akaichapa! Vijiji kumi na viwili vikanakili kama ilivyo. Miezi minane naamshwa alfajiri: tanki la huku limebaki robo, tanki la kule linavuja. Nikawa nawapigia walimu wakuu mwenyewe. Wiki iliyopita nimekwenda harusini Levuka, simu ikaisha chaji. Haya, watoto wa watu wamekaukiwa!"

Waisale, binamu yake Semesa, aliitwa Kengele kwa sababu habari haijawahi kulala kwake. Akapiga kofi moja, akabugia kifuu cha yakona, akapiga mengine matatu, kama ilivyo desturi ya wanywaji.

"Binamu, hiyo namba uliichapa ukurasa wa ngapi?"

"Wa tatu."

"Na onyo la kuibadilisha?"

"Wa arobaini. Limeandikwa wazi kabisa!"

Baraza zima likaangua kicheko. Breki alicheka mpaka yakona ikamtoka puani.

"Kaka, nimeendesha basi miaka thelathini," akasema akijifuta. "Kibao cha kona kali hakiwekwi bondeni, pale gari lilipoangukia."

"Watu hawasomi, ndilo tatizo!"

"Wamesoma sana!" Kengele akamrukia. "Wamekufuata tarakimu kwa tarakimu mpaka getini kwa jirani. Kosa lao ni moja tu, walikuamini. Na umesikia redio ilivyomalizia? Mwalimu mkuu anasema Jumatatu anaking'oa hicho kidude. Vijiji kumi na kimoja vinamtazama yeye. Miaka yako mitano, binamu, inakwenda kuwa kiota cha ndege."

 Semesa akashika neno ambalo kwenye mikutano ya wenzake hupigiwa makofi: "Mwongozo ni wa wote. Anayeona kosa, alirekebishe."

Hapa hakupata hata kofi moja. Mama Losalini akaingia ndani, akarudi na daftari la shule, jalada limelowa mafuta ya keki.

"Kosa nimeliona, na nimelirekebisha. Kila aliyenipigia akauliza, nimeandika swali lake, na kilichomsaidia. Soma kwa sauti, Profesa, hawa wahuni wasikie."

Semesa akalipokea juu ya ua. Akasoma: "Swali: taa nyekundu haizimiki. Jibu: panda, futa kinyesi cha ndege kwenye kioo cha umeme wa jua."

"Wewe taa nyekundu uliiandikia nini?" akauliza Breki.

"Kurasa kumi na moja."

"Ndege yumo?"

Semesa akafunua ukurasa. Akafunua tena, na tena. Maswali sitini na mawili, na majibu ambayo hakuna lililozidi mistari miwili. Kwa daftari hili angeweza kumpigia mwalimu mkuu kabla ya Jumatatu bila kumeza mate.

"Mama... niazime hili daftari. Kesho tu nalirudisha."

"Halitoki kwangu. Wewe ukipewa kitu unakizika ukurasa wa arobaini." Akalipokonya. "Utanakili mezani kwangu, na kila Jumamosi utakuja kuongeza mapya, maana ndege hawajaacha kunya. Haya, samaki wa tui ameiva, na magimbi yapo. Njoo ule."

Semesa akazunguka ua kichwa chini, Kengele na Breki wakimsindikiza kwa miluzi. Alipogusa tu kizingiti, mwiko ukamzuia kifuani.

"Simama hapo. Mbwa wangu amezaa, yuko nyuma ya mlango, na anauma. Pitia jikoni." Akamtazama kutoka juu hadi chini. "Umeona linapokaa onyo? Haya sasa, karibu chakula."